Majibu ya utafiti yaturudie wafugaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mwaka jana, hapa Muheza, nilipoteza mtamba mwenye mimba ya miezi saba. Tezi zilivimba chini ya masikio, homa ikapanda, akaacha kula, na siku ya mwisho alihema kwa taabu huku povu likimtoka puani. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Nilikuwa nimeshamwandalia ndama banda.

Baada ya kumzika ndipo nikaelezwa kuwa ipo chanjo: vimelea hai kwa sindano moja, pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, na ng'ombe anakingwa kwa miaka mingi. Wataalamu waliibuni Muguga, Kenya, tangu miaka ya 1970. Nimefuga muda wote huo bila kuisikia!

Binti yangu akatafuta kwenye simu. Akakuta makala ya utafiti uliofanywa kwa ng'ombe wa mkoa huu huu wa Tanga, na kuifungua tu kunadai zaidi ya dola 30. Kwa mwenye ng'ombe mmoja hayo ni maziwa ya wiki nzima. Zile za bure nazo ni Kiingereza cha maabara, hata bwana mifugo wetu anakuna kichwa. Lakini damu ilitolewa kwa ng'ombe wetu, na kupe walibanduliwa kwenye masikio yao.

Na Tanga si mgeni wa utafiti. Mbung'o dume waliotiwa mionzi wasizalishe walikuzwa hapa, wakamwagwa kwa ndege Unguja kuanzia 1994, na kufikia 1997 mbung'o wakawa wametoweka kisiwani. Wenzangu wengi wanaofuga karibu na pori la Saadani, wanaosumbuliwa na mbung'o hao hao, hawajui habari hiyo.

Ombi langu ni moja. Anayepewa kibali cha kutafiti mifugo yetu afungwe na sharti: makala yake iwe wazi kwa kila mtu, na aache karatasi moja ya Kiswahili inayosema alitafuta nini, alipata nini, mfugaji afanye nini. Hata kama dawa haikufanya kazi, aseme. Ibandikwe kituo cha kukusanyia maziwa, maana huko tunakutana kila alfajiri, na kwenye josho. Kwa wasiosoma, isomwe kwa sauti irushwe kwenye simu.

Wakija tena kuchukua damu nitawafungia ng'ombe kama kawaida. Nitawaomba waniandikie tarehe ya kurudi na majibu.

Mfugaji,
Muheza, Tanga