Mnara wa mashujaa uanze na majina

Ndugu Mhariri,

Likitajwa suala la mnara wa mashujaa hapa Mwanza, cha kwanza kuulizwa ni urefu wake, cha pili rangi. Sisi tunaochonga mawe tungependa iulizwe kwanza majina yatachongwa juu ya nini. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ya kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, imesimama imara, lakini haitaji jina la askari wala mpagazi hata mmoja. Waliokufa katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wana ndugu walio hai, watakaoyatafuta majina yao.

Bamba la shaba tusilifikirie. Litang'olewa usiku na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vigae navyo hubanduka, kwani maji hupenya kwenye maungio, na jua likiwaka kigae na zege havitanuki sawasawa. Granaiti tumejaaliwa tele, ila chembe zake ni kubwa: herufi ndogo humeguka ukingoni tindo ikigusa tu. Kwa jiwe la hapa, herufi zisipungue urefu wa milimita 30, zichongwe kwa mfereji wa umbo la V wenye kina cha milimita 5 au zaidi, zisomeke kwa kivuli chake bila kupakwa rangi. Mbunifu anayetaka herufi za milimita 15 atafute jiwe jeusi la chembe ndogo, na gharama yake aitaje mapema.

Kosa baya zaidi hujificha nyuma ya jiwe. Mabamba ya mawe hushikizwa kwa vipande vya nondo. Kutu ikiingia, chuma huvimba na jiwe hupasuka kuanzia kwenye tundu. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu. Nondo za ndani zifunikwe kwa zege la milimita 40 hadi 50, na sakafu inayozunguka mnara iteremke sentimita 2 kwa kila mita, maji ya masika yasituame msingini.

Halafu kuna Julai 25, Siku ya Mashujaa. Siku hiyo huwekwa mnarani mkuki na ngao, sime, shada la maua, upinde na mshale, shoka. Kidato cha kuviweka, chini ya mnara, kikiwa na upana wa sentimita 30 hakitoshi, na vitu huishia kuegemezwa juu ya majina. Kiwe walau 80.

Majina yenyewe yapangwe kwa alfabeti bila kutanguliza vyeo, na bamba moja liachwe tupu. Orodha ya waliokufa vitani ni nadra kukamilika siku ya uzinduzi, na jina lililoongezwa pembeni kwa brashi ni aibu ya mji mzima.

Mafundi mawe,
Mwanza