Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Haut-Katanga: sindano za macho zimeingia saluni

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kutoka commune ya Kenya, hapa Lubumbashi, kwa ajili ya jicho la yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa.

Yaya ana miaka 52 na anauza vitenge sokoni. Jua la miaka yote hiyo limemwachia makunyanzi pembeni mwa macho, yale yanayojikusanya mtu akicheka. Alitaka yapungue kabla ya ndoa ya binti yake. Simlaumu, na naomba asitokee wa kumlaumu: uso ni wake, pesa ni zake. Katika saluni anakosukwa nywele, dada mmoja alifungua friji ndogo, akatoa kichupa kilichokaa katikati ya soda, dawa ikiwa imeshachanganywa, akamdunga mara tatu kila upande. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Siku ya tano, kope la kulia likateremka. Jumapili nilimwona kanisani akiliinua kwa kidole ili asome kitabu cha nyimbo, mkono wa pili ukishika kitabu, na ubeti ulipoisha akashusha kidole, akanyamaza.

Mheshimiwa, dawa hiyo ikiwa ya kweli ni sumu ya botulini. Inatoka kwa bakteria, na kazi yake ni kuzuia neva isiuamuru msuli kukaza. Mikononi mwa munganga (daktari) aliyesomea, inasaidia watu. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa wenye makengeza na wale ambao macho yao yanajifumba bila hiari. Kwa makunyanzi ya pembeni mwa macho iliruhusiwa mwaka 2013. Kipimo kilichoruhusiwa huko ni yuniti 24, yaani 12 kila upande, sehemu tatu tatu. Dada wa saluni alijua idadi ya matundu. Yaya alipomuuliza ni yuniti ngapi, hakuwa na jibu.

Dawa hiyo huja kama unga mkavu, kidogo sana hata kichupa huonekana kitupu. Inatakiwa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa 24. Ikisambaa mwilini, mtu anaweza kushindwa kumeza, hata kupumua. Mwaka 2024 Marekani kwenyewe watu walilazwa hospitalini baada ya kudungwa dawa bandia.

Munganga alituambia kope litapanda lenyewe, kwa sababu nguvu ya dawa huisha baada ya miezi michache. Tunashukuru. Lakini saluni hiyohiyo inatangaza pia sindano za kujaza mashimo chini ya macho, na hizo ni habari nyingine kabisa: jeli yake ikiingia kwenye mshipa, inaweza kuziba damu inayoenda kwenye jicho, na mtu akapofuka moja kwa moja.

Naona kinachotuponza ni jina. Kwa kuwa inaitwa urembo, inauzwa pamoja na mafuta na nywele, na sijaona mkaguzi akiingia humo. Naomba wakaguzi wako wa dawa waingie saluni kama wanavyoingia famasi. Naomba pia, kwa kushirikiana na Ordre des médecins (baraza la madaktari), majina ya waganga wanaoruhusiwa kudunga karibu na jicho yabandikwe kwenye kila kituo cha afya, ili mwanamke anayetaka huduma hii ajue mlango wa kubisha. Na aliyeumia apokelewe bila kusimangwa. Yaya alikaa siku tisa nyumbani amejifunga kitambaa, akiogopa kuambiwa amejitakia.

Kile kichupa tulikiomba, tukapewa. Hakina jina la kiwanda, hakina tarehe ya mwisho. Nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki, na yaya amekubali kukileta mwenyewe ofisini kwako siku utakayotuita.

Kwa heshima,
Mkaaji wa commune ya Kenya, Lubumbashi