Tume za polisi zisiishie kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie desturi yetu ya kuunda tume kila polisi wanapolalamikiwa. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133 na kuwalaumu polisi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Mwaka 2009 likafuata jopo la Jaji Philip Ransley, na kwa haki lazima nikiri kwamba mapendekezo hayakupotea yote, kwani sheria ya 2011 ilituletea mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi. Hata hivyo, Desemba 2022 liliundwa jopo jingine, chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kuangalia maslahi ya askari wale wale.

Majopo haya hushauri tu (posho zao, bila shaka, tunazilipa sisi). Hayawezi kumfuta kazi wala kumshtaki ofisa yeyote. Bunge litunge sheria ya kumlazimu waziri husika aeleze hadharani, kila baada ya miezi 6, pendekezo lipi limetekelezwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi