Somo, mtumbwi wa Baba bado mzima

Kilifi, mwisho wa Novemba

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama yako nilikuwa naye jana kutwa; kikohozi kimempungua, anapika mwenyewe, na mahamri yake bado hayana mfano. Amesema nikufikishie kwamba zile pesa za mwezi uliopita zilifika, na paa la jikoni limeshaezekwa.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukutumia sauti kwenye simu kwa sababu nina ombi, na ni ombi linalotaka utulie. Lakini sitalitaja kabla hujajua nimekuwa nikifanya nini tangu Machi, maana kila nikianza kukusimulia, ama laini inakatika ama unaitwa kazini.

Nimejiunga na chama cha kupiga makafi hapa kriki. Tuko ishirini na ushei, na wanawake ni tisa. Tuna kayaki nne za plastiki na mitumbwi miwili, na kila mmoja hutoa shilingi mia mbili kwa mwezi za matengenezo. Siku yetu ni Jumamosi, ila saa tunapangiwa na maji: wiki hii tunaingia saa kumi na mbili alfajiri, wiki ijayo saa sita jua likiwa utosini. Anayetufundisha ni mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye feri miaka ile kabla ya daraja kufunguliwa 1991. Mkondo unavyopinda pale gati la zamani la Mnarani anaujua kama mtu anavyojua chumba chake gizani.

Siku ya kwanza hakumpa mtu kafi. Alituvisha majaketi okozi, akatushusha mahali maji yanafika kifuani, akatuambia tupinduke. Tupinduke, tuibuke, tushike chombo wala tusikiachie, tukigeuze, tupande tena kwa tumbo huku miguu ikipiga maji nyuma. Mara saba. Somo, mimi na wewe tumezaliwa hatua mia mbili kutoka majini na hakuna aliyewahi kutufundisha kuogelea. Wavulana walijifunza wenyewe kwa kuruka gatini. Sisi tuliambiwa tukae mbali tusije tukalowesha nguo. Mara ya tatu nilipozama nilifungua macho. Nikaona kijani, na mapovu yangu mwenyewe yakipanda, na ile hofu niliyoibeba tangu utotoni ikanilegea. Haikuondoka siku ile, ilinilegea tu, na hiyo ikanitosha kurudi Jumamosi iliyofuata. Sasa natoka mtumbwini hadi ufukoni kwa kuogelea, bila kushikwa mkono.

Kafi nalo lina adabu zake. Nilidhani nguvu iko mikononi, kumbe iko kiunoni. Unainama kidogo mbele, unachomeka bamba lote majini karibu na unyayo wako, halafu unazungusha kiwiliwili, mikono inafuata. Wa omo, yaani mbele, anatoa mwendo, wa tezi, nyuma, ndiye anayeongoza: mwisho wa kila pigo anageuza kafi kidogo, kidole gumba cha mkono wa juu kikitazama chini, anasukuma maji nje ili mtumbwi usipinde. Ilinichukua wiki sita kuacha kwenda kama nyoka. Siku nilipovuka kutoka Mnarani hadi ng'ambo kwa mstari mmoja ulionyooka, nikiwa tezi, nilikufikiria wewe, na utajua kwa nini.

Mwezi wa Julai tulipwelewa, na kosa lilikuwa langu. Ni mimi niliyesoma jedwali la maji siku ile, nikasoma mstari wa Jumapili. Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi nikawa nimejipa karibu saa nzima ambayo haikuwepo. Na ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, wakati maji yanapopanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Tulikuwa sita. Tumeingia ndani sana, kule kriki inakopanuka, kisha tukafuata kijito chembamba katikati ya mikoko kwa sababu kilikuwa na kivuli. Tulipogeuza kurudi, mtumbwi ukagusa. Tukashuka tuusukume, tukazama topeni hadi magotini. Baada ya dakika kumi hakukuwa na maji ya kuusukumia.

Tulikaa pale karibu saa sita. Tulikuwa na chupa tatu za maji na pakiti moja ya biskuti. Mzee hakunigombeza hata neno moja, na kimya chake kilinifunza zaidi ya ukali wowote. Tangu siku ile nasoma jedwali mara mbili, kisha nampa mwenzangu naye asome. Alichofanya mzee ni kutumia muda ule kutuonyesha miti. Mimi nilikuwa naiita yote mikoko na kumaliza. Kumbe kuna mkoko, kuna mchu, mkandaa, mlilana, muia. Katika Kenya nzima ni aina 9, na kila mmoja una mahali pake kulingana na maji yanavyoufikia. Mchu ulikuwa karibu na mkono wangu. Akaniambia nilambe jani: chumvi tupu. Mti unaitoa chumvi kupitia majani, na ukiligeuza jani juani unaiona imeganda kama vumbi jeupe. Mizizi yake inachomoza topeni kama penseli, kwa maelfu, ili ivute hewa. Mkoko wenyewe, mbegu yake huota ikiwa bado imening'inia mtini, inarefuka kama ganda la mlonge, halafu inaachia. Tukiwa tumenyamaza, ikaanguka moja, tup, ikasimama wima topeni mbele ya mguu wangu. Imeshajipanda. Hakuna aliyesema kitu. Kaa walianza kutoka mashimoni mmoja mmoja, wakatuzoea, wakaendelea na kazi zao.

Halafu nikaona chaza kwenye mizizi ya mkoko, nikakumbuka.

Unakumbuka Baba yako alivyokuwa akituchukua kwenda kung'oa chaza? Kaka zako wawili wana makafi, mmoja omo mmoja tezi, na sisi wawili tumekaa katikati tunakumba maji. Ule upo, kata ya mti ya kukumbia maji, ulikuwa mzito kuliko mkono wako. Ukamwomba akupe kafi angalau kutoka penye kichwa cha mwamba hadi nyumbani. Akasema, "Nyinyi kazi yenu upo." Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyolelewa. Lakini wewe ulilia kimya njia nzima huku unakumba maji, na mimi nikawa nakumba haraka zaidi ili asione kwamba wewe umesimamisha mkono. Sijawahi kukwambia kwamba nilikuona.

Kuhusu usiku sijui nikueleze vipi. Wiki mbili zilizopita, mwezi haujaandama, tulitoka saa mbili usiku, mitumbwi miwili na kayaki zote, tumefungana kwa kamba ili mtu asipotee. Taa zikazimwa. Kila kafi likiingia majini linatoka na moto wa kibuluu. Ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vikitikiswa hutoa mwanga. Nilikuwa nikiwasikia wavuvi wakisema maji yanawaka, nikadhani ni maneno tu. Mkizi akapita chini yetu tukaona mstari wake wote, ukipinda, ukipotea. Binti mmoja wa miaka kumi na minne, ndiye mdogo kuliko sote, alitia mkono majini akautoa, akawa anautazama vidole vikidondosha nuru, hataki kupiga kafi tena. Tukamwacha. Nilitamani mno ungekuwapo.

Wale ndege, keremkerema wekundu, nao wamerudi. Jioni wanakuja kwa makundi kulala mikokoni, hadi matawi yanaonekana yamechanua. Watakaa hadi kama Aprili, kwa hiyo ukija likizo utawakuta.

Safari zilizobaki nitakuambia kwa kifupi. Tulikwenda Mida kwa matatu, tukaazima mitumbwi ya watu wa huko, tukazunguka na maji kujaa. Tunapanga kwenda Takaungu kwa njia ya bahari, ule mji waliohamia akina Mazrui baada ya kushindwa Mombasa 1837. Itakuwa Machi, kaskazi ikishalegea, kwa sababu mzee hakubali tutoke nje ya mlango wa kriki upepo ukiwa na nguvu. Anasema atatupima kwanza: kila mmoja apinduke na kupanda tena kwenye maji ya kina, mbele ya macho yake. Asiyeweza atabaki.

Sasa ombi langu.

Mtumbwi wa Baba bado uko chini ya mwembe nyuma ya nyumba, umefunikwa makuti, kama mlivyouacha alipofariki. Kuku wanatagia ndani. Jana, nikiwa na mama, niliomba ruhusa ya kuutazama tu, nikaondoa makuti. Juzi nilikuwa nimezungumza na fundi wa mitumbwi aliyeko upande wa Mnarani, akakubali kupita, akaja na tezo yake. Aliugonga kwa kifundo cha kidole kutoka omo hadi tezi, akiweka sikio. Chini ni mzima. Mti wa mwembe ukichongwa na kutunzwa unadumu, akasema. Mchwa wamekula ukingo wa kushoto, kama urefu wa mkono, na omo una ufa ninaoweza kuingiza kucha. Anasema atakwangua, ataukalafati ule ufa kwa pamba na mafuta, atatia kiraka cha bati juu yake, na ukingo ataupachika mti mpya. Kisha uzamishwe siku kadhaa kwenye maji machache ili mti unywe na kufura, kwa sababu umekauka mno; ukitiwa majini moja kwa moja utavuja kila mahali. Ameomba shilingi elfu nne na mia tano. Chama kiko tayari kulipa zote.

Ile nyota aliyoichonga kwa kisu upande wa ndani wa omo ipo. Nimeipitisha kidole. Na upo nao upo, umelala chini ya kiti, mpini umepasuka lakini haujakatika.

Nataka kuurudisha majini, somo. Sitaki tuununue wala uwe mali ya chama. Utabaki wenu, utalala kwenu, na ukirudi na ukiutaka siku yoyote, unauchukua. Lakini kwa sasa kuna wasichana watano wanaokuja kila Jumamosi na kurudi nyumbani kwa sababu vyombo havitoshi. Tunawapanga kwa zamu, wengine wanangoja saa nzima juani hadi maji yanaanza kupwa, tunalazimika kufunga. Mtumbwi wa Baba unachukua wanne bila tabu. Nimeshaamua moyoni kwamba ukikubali, ndani yake hakuna atakayepewa kazi ya kukumba maji pekee. Kila mmoja atakaa tezi kwa zamu yake, na upo utazunguka.

Mama yako nilipomwuliza alinyamaza kwanza. Akasema, "Muulize mwenzako. Yeye ndiye aliyekuwa akiupenda." Kaka zako nao wamesema neno lako ndilo la mwisho, kwa hiyo sijagusa kitu. Nimerudisha makuti, na kuku wamerudi.

Najua si jambo dogo. Labda utaona ni mapema, au hutaki uone mwingine amekaa mahali pa Baba, na ukisema hapana nitakuelewa kabisa wala sitakuuliza tena. Ila ukiwa unaweza, fikiria ile picha uliyonitumia ya majahazi ya Corniche, ufukoni mwa mji uliko, ulivyoniandikia kwamba ulisimama pale ukanusa harufu ya mbao na mafuta ukadhani uko kwetu. Wazee wanasema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Utarudi, na ningependa siku hiyo nikupokee na chombo kilicho majini badala ya kilichofunikwa makuti. Na kafi la tezi nitakupa wewe.

Fundi ana kazi ya mtu mwingine hadi katikati ya Desemba, baada ya hapo yuko huru. Kuutoa mtumbwi kule nyuma tutahitaji watu wanane na bamvua, ili maji yafike karibu na ukuta wa jirani tusiuburute mbali kwenye mawe. Bamvua inayofuata itakuwa mwezi ukiandama. Basi nijibu kabla ya hapo, hata kwa neno moja, na kama ni ndiyo, niambie pia rangi. Mama yako anakumbuka ulikuwa na mstari wa kijani ubavuni. Kaka yako mkubwa anashikilia ulikuwa mwekundu. Rangi yote imebabuka, siwezi kuamua.

Ni mimi,
somo yako