Risala ya Wanafunzi wa Ufundi wa Ujenzi kwa Mgeni wa Heshima, Lubumbashi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Bwana Prefe mkuu wa shule yetu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuitika mwito wetu mwezi huu wa kumi, wakati ambapo chini ya mabati yetu hata chaki inalowa jasho mkononi. Joto hilo ndilo lililotupeleka kwenye kichuguu.

Matofali ya shule hii, kama ya nyumba nyingi za hapa mjini, yalifyatuliwa kwa udongo wa kichuguu. Una mfinyanzi mwingi, hushikana vizuri, na ukichomwa tanuruni hutoa tofali gumu. Tulichukua udongo, ujuzi wa mwenye nyumba tukauacha. Mle chini mchwa hulima kuvu, ile ile inayotoa uyoga mkubwa unaouzwa barabarani mvua zikianza, na kuvu hiyo haitaki joto la kupanda na kushuka ovyo. Basi wadudu vipofu, wasio na mchoro wala fundi mkuu, huijengea mlima wa mita kadhaa wenye kuta zinazopitisha hewa. Wataalamu waliopima umri wa vichuguu karibu na Lubumbashi walikuta kimoja chenye zaidi ya miaka 2,000. Paa letu sisi limeshaanza kuvuja.

Kule Harare, Zimbabwe, msanifu Mick Pearce alivitazama vichuguu akachora Eastgate, jengo la maduka na ofisi lililokamilika mwaka 1996. Usiku feni huvuta hewa baridi, na zege zito huitunza baridi hiyo. Mchana hewa ya moto hupanda na kutokea kwenye madohani ya juu ya paa. Baadaye watafiti waligundua kwamba kichuguu hakipumui hasa vile ilivyodhaniwa. Jengo halikujali, linaendelea kupoa.

Mheshimiwa, tunaomba kujaribu katika darasa moja: matundu sehemu ya chini ya ukuta wa upande wa kivuli, na dohani juu. Matofali tutafyatua wenyewe. Tumekosa saruji, mabomba na vipimajoto. Pia, kichuguu kilichobaki karibu na vyoo kimeanza kuchimbwa ubavuni na wauza matofali. Kwa kamati ya wazazi neno lako lina uzito kuliko letu.

Mchoro uko mezani mbele yako. Tunaomba kuwasilisha.