Medali ya Beth Shriever isifunike alivyonyimwa hela

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo linaloniuma kila nikisoma habari za wanawake wa mbio za BMX, zile mbio fupi za baiskeli ndogo kwenye njia yenye vilima na kona. Tunawaandika siku wakivaa medali tu, waliowanyima hela njiani hawatajwi kabisa, na baada ya wiki tumeshahamia kwingine.

Mimi nataka tumuangalie Beth Shriever wa Uingereza. Huyu dada kazaliwa 1999, kakulia kwenye klabu ya Braintree huko Essex, na 2017 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Hapo si ungedhani milango yote inafunguka? Wapi! Baada ya Olimpiki ya Rio 2016, UK Sport, yani wale wanaogawa hela za michezo ya Olimpiki kule kwao, walikuwa wameshaamua hela ya mbio za BMX iende kwa wanaume peke yao, wanawake wasipate kitu. Walisema wanaangalia nani ana nafasi ya kuleta medali. Sasa mhariri, mpaka wakati huo Uingereza haikuwa na medali hata moja ya BMX kwenye Olimpiki, si ya mwanamke si ya mwanaume, kwa hiyo hao wanaume walipewa kwa medali ipi? Hili swali sijaona likiulizwa vya kutosha.

Binti akarudi kwa wazazi wake, akatafuta kazi ya msaidizi wa mwalimu shuleni, mazoezi anayapanga kabla na baada ya kazi. Nafasi ya Olimpiki unaipata kwa pointi za mashindano ya nchi mbalimbali, maana yake tiketi za ndege, hoteli, kusafirisha baiskeli, na yeye hana mshahara wa kubeba yote hayo, basi ikabidi aanzishe mchango mtandaoni kutafuta pauni 50,000. Bingwa wa dunia wa vijana anaomba watu wasiomjua wamchangie nauli!

Na watu wasidhani BMX ni mchezo wa watoto kurukaruka kwenye vichuguu, hapana. Wanane wanapanda juu ya mteremko wa mita 8, gurudumu la mbele limeegemea geti, baiskeli ina gia moja na breki moja ya nyuma, geti likianguka mna kama sekunde 40 hivi na mchezo umeisha. Ukichelewa kutoka getini unafika kona ya kwanza umefungiwa nyuma ya watu, na kuwapita ni kazi kweli kweli. Ndio maana ule mkanyago wa kwanza wanaurudia miaka na miaka, wanabeba vyuma gym, wanahitaji mteremko wenye urefu ule ule wa mashindano, kocha wa kuwapima na daktari wa karibu maana mifupa inavunjika kila msimu. Hivyo vyote ni hela, kwa hiyo ukimnyima mwanamke hela umemchelewesha hata kabla geti halijaanguka.

Baadae, kwenye 2019, akarudishwa kwenye programu ya taifa, na Julai 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo akapanga mstari mmoja na Mariana Pajón wa Colombia, mwenye dhahabu ya London 2012 na ya Rio 2016, anatafuta ya tatu. Shriever akatoka mbele na Pajón akamfuata mgongoni mpaka mwisho, tofauti yao haikufika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akavuka mstari akalala chini, miguu imegoma kabisa, Mwingereza mwenzake Kye Whyte ambaye dakika chache nyuma alikuwa amechukua medali ya fedha upande wa wanaume, ndio akaja akamnyanyua mikononi. Ile fedha ya Whyte ilikuwa medali ya kwanza ya nchi yao kwenye BMX, na dhahabu ya kwanza ikaletwa na mwanamke. Wiki chache baadae akaongeza ubingwa wa dunia, halafu mwingine 2023 Glasgow.

Paris 2024 alikuja akitokea kuvunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, akashinda kila mbio mpaka fainali, na fainalini akawa wa 8, dhahabu akachukua Saya Sakakibara wa Australia. Niliumia sana siku ile, lakini kilichoniuma zaidi ni watu kuandika amefeli, mtu aliyetoka kwenye mchango wa nauli mpaka bingwa wa Olimpiki amefeli nini?

Kwa hiyo ombi langu kwa gazeti lako ni hili, mkiandika bingwa mwanamke wa mchezo wowote, wekeni na mistari miwili ya nani alimlipia na nani alimkatia hela, na mtaje ofisi kwa jina lake.

Msomaji wenu