Afrika haikuwa imelala

Mhariri, naomba kanafasi niongee na ndugu zetu wanaoishi New York. Pale Manhattan kuna jengo la zamani la forodha, lilikamilika 1907, mbele yake kuna sanamu nne kubwa za wanawake, kazi ya Daniel Chester French, yuleyule aliyemchonga Rais Lincoln, ile sanamu ya Washington, na kila mwanamke ni bara. Ulaya kakaa wima kama malkia, Amerika kashika mwenge karibu anyanyuke, afu Afrika sasa, kifua wazi, kichwa kimeinama, kalala fofofo katikati ya simba na sphinx, lile jitu la Misri lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Ufundi upo, sibishi, yani ule usingizi utadhani anapumua kweli. Lakini jamani kalala saa ngapi? Hiyo 1907 ndo kwanza vita ya Maji Maji inaisha huku kwetu, watu wamepambana na Mjerumani toka 1905, wamekufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Mi sisemi zing'olewe, zibaki, ila mkipeleka watoto pale msiishie kupiga selfi, wasimulieni na Maji Maji hapohapo kwenye ngazi.

Msomaji wenu,
Songea